Imbo: Pori au Mahame?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wazee wa jumuiya yetu waliponitaka niandike katika kijitabu hiki cha ukumbusho, nilidhani kwanza kwamba nitaeleza habari za misikiti yetu na za masheikh waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini wako wenzangu wanaoiweza kazi hiyo kuliko mimi. Mimi nimechagua neno moja tu. Ni neno ambalo kila mtu wa Rumonge amepata kulisikia, ama barazani, ama mbele ya tume ya ardhi, ama kinywani mwa jirani aliyeghadhibika, nalo ni hili: kwamba Imbo ilikuwa nchi tupu.

Lugha yetu ya Kiswahili inatofautisha vitu viwili ambavyo jicho la mpita njia haliwezi kuvitofautisha. Pori ni mahali asipokaa mtu. Mahame ni mahali walipokaa watu, kisha wakaondoka. Nyasi ni zile zile, na nyoka ni wale wale. Lakini mtu wa kwetu akiingia katika mahame huona kigae cha chungu, huona jiwe la kusagia, na juu ya yote huona michikichi. Tena wenzetu wasemao Kirundi huliita shamba la urithi wa ukoo itongo, na sisi katika Kiswahili cha zamani husema tongo kwa maana ya mahame. Sijui kama yuko mwanachuoni aliyekwisha kuyachunguza maneno haya mawili, lakini mimi yananifikirisha sana: mzizi mmoja, huku ni urithi, na huku ni mahali palipohamwa.

Imbo ni tambarare iliyolala baina ya Ziwa Tanganyika na genge la milima iitwayo Mumirwa. Upande wa kaskazini, penye mto Rusizi, ni pana. Upande wetu wa kusini ni ukanda mwembamba, wa kilomita chache tu, unaokatwa na mito iteremkayo kwa nguvu, kama vile Dama na Murembwe. Maji ya ziwa yako kiasi cha meta 775 juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma yake yapita meta 2000. Kwa hiyo mtu aweza kutoka katika baridi ya juu asubuhi, na kabla ya adhuhuri akawa katika joto la pwani. Huko juu watu wamebanana tangu zamani. Huku chini, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mtu angeweza kwenda mwendo mrefu asione moshi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno tupu.

Lakini na tutazame zaidi nyuma. Burton na Speke walipita ukingo huu kwa mitumbwi mwaka 1858, wakielekea Uvira. Stanley na Livingstone walipita mwezi wa Novemba 1871, kutoka Ujiji mpaka mdomo wa Rusizi, wakahakikisha kwamba mto ule waingia ziwani wala hautoki. Watu hawa hawakusafiri katika pori. Walilala vijijini, wakatoa hongo kwa wenye nchi, wakaogopa kupigwa mawe na watu wa ukingoni. Hongo haitolewi kwa nyani! Palipo na hongo pana mtemi, na palipo na mtemi pana watu na mipaka. Katika zama hizo mawese ya Urundi yalikuwa bidhaa mashuhuri katika soko la Ujiji, pamoja na samaki wakavu. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walipotafuta mahali pa kujenga misheni yao ya kwanza katika nchi hii, walikuja hapa hapa Rumonge. Hawakudumu: tarehe 4 Mei 1881 wawili miongoni mwao na msaidizi wao waliuawa katika ugomvi na watu wa ukoo wa Bikari. Msiba ule una habari zake. Kwa maneno yetu ya leo yatosha kusema kwamba mtu hajengi misheni mahali pasipo watu.

Shahidi aliye bora kuliko wasafiri wote ni mchikichi wenyewe. Mti huu haupendi kivuli cha msitu mnene. Wataka jua, na jua hulipata mahali palipofyekwa. Chikichi huanguka kando ya nyumba, hutupwa jaani, huota. Basi mahali ukiona kundi la michikichi mirefu ya kale, ile yenye kokwa nene, ujue kwamba hapo palikuwa na jiko na watoto. Na Imbo ya kusini ilikuwa na makundi hayo toka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, hata katika miaka ile ambayo ilisemwa kuwa haina watu.

Je, watu hao walikwenda wapi? Hapa hatuna budi kusema kweli, ijapokuwa sehemu yake ni chungu kwetu sisi Waislamu wa ukingoni.

Katika miaka ya 1880 mfanya biashara mkubwa wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye wenyeji walimwita Rumaliza, alieneza nguvu zake katika ukingo huu mpaka Uzige, upande wa Bujumbura ya leo. Watu wake walitafuta pembe, na walitafuta watumwa. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia asiishike milima, lakini tambarare ilikuwa wazi mbele ya mitumbwi na bunduki. Nguvu za Rumaliza zilivunjika mwaka 1894, aliposhindwa na majeshi ya Mfalme Leopold upande wa Kongo. Baadhi yetu ni wajukuu wa waliokamata, na baadhi yetu ni wajukuu wa waliokamatwa, na aghlabu mtu mmoja ni wote wawili. Waislamu wa Rumonge wakijivunia kwamba dini iliingia kwa njia ya ziwa, na wakumbuke pia kitu kingine kilichopita katika njia hiyo.

Hata hivyo bunduki peke yake haikuihamisha Imbo. Katika miaka ya kwanza ya 1890 ilikuja sotoka, ikamaliza ng'ombe. Ikafuata ndui. Wakaja funza, mdudu aliyevuka bahari kutoka Amerika, akaenea katika bara letu kwa njia za misafara, na watu wakashindwa kutembea na kulima. Kisha, baada ya mwaka 1900, ukaja ugonjwa uliopita yote, nao ni malale. Mbung'o wa malale hukaa katika vichaka vya ukingoni, pale pale ambapo mwanamke huteka maji na mvuvi hufunga mtumbwi. Mtu huumwa na kichwa, huvimba tezi za shingo, huchanganyikiwa, hulala mchana na kukesha usiku, kisha hufa.

Wadachi, ambao walikuwa wamekwisha kujenga ngome Usumbura mwaka 1897, walianzisha kambi za wagonjwa katika ukingo wa ziwa. Walifyeka vichaka penye bandari, na walitia watu sindano ya atoksili, dawa yenye arseniki ambayo iliwapofusha baadhi yao. Tena wakawaondoa watu ukingoni, wakawapandisha milimani, mbali na mbung'o. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 waliikuta tambarare imekwisha kuhamwa. Waliona nyasi na michikichi, wakaandika walichokiona.

Kwa hiyo ule uchache wa watu haukuwa tabia ya nchi, ulikuwa jeraha. Tena si jeraha la kale mno: lilipatikana katika muda wa miaka 30, yaani umri wa mtu mmoja kutoka utoto mpaka kuoa na kuzaa.

Lakini kuna jambo jingine ambalo waandishi wa vitabu hulipita upesi, nami nataka kukaa nalo kidogo. Hata katika miaka ya uchache wa watu, Imbo haikuacha kutumika. Waliohamishiwa Mumirwa waliendelea kushuka. Mwenye michikichi aliijua michikichi yake, moja moja, kwa majina ya waliopanda au waliozaliwa chini yake. Alishuka wakati wa kuangua, akapanda mti kwa kamba kiunoni, akaangusha vichala, akapika mawese katika vyungu na mapipa, akapanda mlima na mzigo wake kichwani. Usiku hakulala huku, kwa kuogopa mbu. Msafiri aliyepita mwezi mwingine asingemwona mtu hata mmoja.

Wachungaji wa milima ya Bututsi nao waliteremsha ng'ombe katika kiangazi, majani ya juu yalipokauka, kwa maana katika midomo ya mito ubichi haukomi. Mvua zikianza waliondoka. Na wavuvi walikuja kwa hesabu ya mwezi. Katika giza waliwasha mienge ya moto katika mitumbwi, dagaa wakauzunguka mwangaza, wakachotwa kwa wavu. Mbalamwezi ikiingia, dagaa hawakusanyiki. Mvuvi hurudi nyumbani au hushona nyavu. Vibanda vyao vya nyasi vilikuwa na watu wiki mbili na vikawa vitupu wiki mbili. Mchanga wa ukingoni ulikuwa uwanja wa kuanikia, na kila ukoo wa wavuvi ulikuwa na mahali pake, ijapokuwa hapakuwa na jiwe wala ua.

Basi mwenye kuhesabu watu kwa kuhesabu nyumba ataipata Imbo karibu tupu. Mwenye kuhesabu haki kwa kuuliza nani aangua, nani achunga, nani aanika, ataipata imejaa. Afisa wa Kizungu alikuwa na kazi ya kuhesabu vichwa vya kodi, akahesabu kwa namna ya kwanza. Hatumlaumu kwa kuhesabu. Twalaumu kwamba hesabu yake ya vichwa iligeuka kuwa hukumu ya ardhi.

Katika miaka ya 1950, baada ya malale kupungua na dawa ya kuulia mbu kuletwa, Wabelgiji walianza kuwateremsha watu wa milimani. Huko Rusizi walipima mashamba kwa safu zilizonyooka, kila jamaa na shamba lake, na sharti la kulima pamba pamoja na mihogo na chakula kingine. Upande wetu watu wengine walishuka wenyewe, na wengine walirudi. Mpunga, ambao Waswahili walikuwa wameuleta zamani, ukaenea mabondeni. Wavuvi wa Kiyunani wakaanza kuvua kwa nyavu kubwa na taa. Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962, Rumonge ilikuwa na soko kubwa, ina mtaa wa Waswahili, na adhana ilisikika mpaka majini. Mtu angedhani kwamba jeraha limefunga.

Mwaka 1972 likafunuka. Tarehe 29 Aprili waasi walianza kuwaua Watutsi katika Rumonge na Nyanza-Lac, wanaume kwa wanawake na watoto, wakawaua na Wahutu waliokataa kuwafuata. Kisha serikali ya Micombero ikalipiza kisasi katika nchi nzima, ikakamata na kuua Wahutu, na hasa kila aliyesoma. Hesabu ya waliokufa hutajwa na wanachuoni baina ya laki moja na laki tatu. Watu wa ukingoni walikimbia kwa njia ya ziwa. Wengine walifika Kigoma, wakapelekwa katika makazi ya Katumba na Ulyankulu, na baadaye Mishamo. Mimi nilivuka nikiwa na miaka miwili, mgongoni mwa mama. Nilikulia Ujiji, nikasoma chuoni kwa masheikh wa pale, na darasa chache za skuli. Rumonge nilikuwa naijua kwa masimulizi tu, hasa mchikichi mmoja uliopinda, ambao marehemu baba alisema kwamba ndio mpaka wetu.

Imbo ikawa tupu mara ya pili, na neno likarudi na watu wale wale wa kulitumia: wenye kalamu. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa mikopo ya kigeni, ilianzisha katika Rumonge mradi mkubwa wa michikichi ya mbegu mpya iitwayo tenera, yenye kokwa nyembamba na mafuta mengi. Sehemu ya mashamba ya waliokimbia iliingizwa humo, na sehemu nyingine walipewa watu walioletwa kutoka kwingineko. Ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1986, iliyosema kwamba mwenye kukaa katika ardhi miaka 30 ataimiliki, na kwa mwenye nia njema hata miaka 15. Mwenye kuitazama sheria hii kwa mbali ataiona nzuri, kwa kuwa yataka mambo yaishe. Lakini mtu aliyekimbia mwaka 1972 asiweze kurudi, miaka yake 30 ilitimia mwaka 2002 naye yuko kambini. Saa ilimhesabia aliyefungiwa nje ya mlango.

Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa mali yake au atapewa fidia. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Kwanza ilielekea kuwagawanyia nusu kwa nusu aliyerudi na aliyemkuta. Baadaye, hasa baada ya mwaka 2011, ikaelekea kumrudishia yote aliyekimbia. Kila njia ilikuwa na machozi yake. Tume hiyo ilifungwa mwaka 2022, lakini kesi hazikufungwa pamoja nayo. Na wengi hawakurudi kabisa: katika makazi yale ya zamani ya Tanzania watu zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia wa huko, na waliochagua kurudi walikuwa elfu hamsini na kitu.

Hapa wanafunzi wangu huniuliza fiqhi yasemaje. Katika madhehebu yetu ya Kishafii iko ardhi iitwayo mawati, yaani ardhi mfu, na mwenye kuihuisha kwa kujenga au kulima huimiliki. Watu wengi huishia hapo. Lakini mafakihi wameweka sharti: mawati ni ile isiyopata kuimarishwa na watu. Ardhi iliyopata kuimarishwa, kisha ikaharibika, ni ya mwenyewe akijulikana, au ya warithi wake. Asipojulikana, huwa ni mali iliyopotea, na amri yake ni kwa mtawala, aihifadhi mpaka mwenyewe atokee. Hailiwi kwa sababu imeota nyasi. Kwa maneno mengine, mafakihi walikwisha kupambanua pori na mahame karne nyingi kabla hajaja mpima ardhi yeyote Imbo.

Lakini fiqhi hiyo hiyo haikumsahau aliyepanda. Ardhi ni kitu kimoja na miti ni kitu kingine. Mtu aliyeambiwa na mtawala panda hapa, akapanda kwa nia safi, hakuwa mwizi, na jasho lake lina thamani.

Nilirudi mwaka 2008. Ule mchikichi uliopinda nikaukuta, umezungukwa na michikichi mipya iliyopandwa kwa safu. Katika shamba lile alikaa mzee wa kutoka milimani, aliyeletwa mwaka 1977. Alinipa kiti, akanionyesha karatasi yake, na karatasi ile, ambayo sitataja ilitoka wapi, ilisema kwamba shamba lilikuwa tupu. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha makaburi mawili ya watoto wake. Akaniambia, "Sheikh, mimi nami sikuja kwa wizi." Nikamjibu, "Najua, mzee wangu, lakini baba yangu naye hakuondoka kwa hiari." Tulikaa kimya muda mrefu.

Tuligawana. Mchikichi wa baba ukawa mpaka mara ya pili. Baada ya miaka michache, amri zilipogeuka, walikuja watu kunihimiza nidai lote, na baadhi yao walikuwa jamaa zangu. Sikudai. Wengine walinisifu na wengine waliniita mjinga. Wala sisemi kwamba kila mtu angepaswa kufanya hivyo, kwa maana mimi nina chuo na wanafunzi wanaonilisha, na wako wajane wasiokuwa na kitu ila shamba lile.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2008 zile wilaya ambazo mwaka 2015 zilifanywa mkoa wa Rumonge zilikuwa na watu zaidi ya 350,000. Tangu mpango mpya wa mikoa mitano wa mwaka 2025 mji wetu umo katika mkoa wa Burunga. Katika hesabu ya mwaka 2024 Burundi nzima ilipita milioni 12. Hakuna tena awezaye kusema kwamba Imbo ni tupu. Sasa husemwa kwamba imejaa, na vijana hujenga mpaka mchangani.

Na hapo ziwa lina maneno yake. Mwaka 1878 maji yalipanda sana, yakafungua mlango wa mto Lukuga upande wa Kongo, na katika muda usiozidi miaka 20 ziwa likashuka kwa zaidi ya meta 10. Sehemu ya tambarare tunayoigombania ilikuwa chini ya maji babu zetu walipozaliwa. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 lilipanda tena, na mwaka 2024 likafika karibu na kipimo kile cha miaka ya 1960, likaingia katika nyumba na penye bandari na mialo yetu. Sheria ya maji ya mwaka 2012 imekataza kujenga katika meta 150 toka ukingoni, lakini ukingo wenyewe haukai mahali pamoja.

Shamba letu lile laelekea ziwani. Safu mbili za chini zilisimama majini mwaka huo, upande wake na upande wangu. Yule mzee amekwisha kufariki. Mwanawe alinijia na kamba ya kupimia, tukaenda sote wawili, tukaanza kupima upya kutoka penye mchikichi uliopinda, kuelekea juu.